Mpiga Debe wa Mhandisi

Ubalozini, 4 Juni

Kaka Mkubwa,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Umekaa? Haya. Nastaafu! Desemba hii nakabidhi ofisi, gari, bendera na yule mpishi anayenificha sukari, kisha narudi nyumbani. Si likizo. Si zile safari za "napita tu, kesho kutwa naondoka". Narudi nikae.

Barua ya wizara imefika jana. Nilijifungia ofisini nikacheza peke yangu, viatu mkononi, mpaka katibu wangu akagonga mlango kuuliza kama kuna panya.

Fikiria nilikoanzia. Kazi yangu ya kwanza wizarani ilikuwa kupanga vibendera mezani, na siku hiyohiyo ya kwanza nikakisimamisha cha mgeni wa heshima juu chini. Nikahamishiwa kwenye mihuri. Nikaandika hotuba za wakubwa waliosahau kuzisoma. Nikawa afisa, nikawa naibu balozi, nikawa balozi. Hata yale mazungumzo ya mpakani yaliyonitoa magazetini, wewe unajua siri yake: wajumbe wa pande mbili walikuwa wanagombea nani atangulie kuingia mlangoni, nikawapitisha wote jikoni, katikati ya masufuria, na vita vikaisha. Ndiyo maisha yangu hayo. Kutabasamu mpaka mashavu yafe ganzi, na kutosema ninachotaka.

Sasa nasema. Nataka kukaa na wewe. Tangu tumzike mama, kila nikija nalala hotelini kwa sababu ya itifaki, naletwa kwako kwa gari, nakunywa chai nusu kikombe, naondolewa. Nimechoka kuwa mgeni wa kaka yangu. Kile chumba cha nyuma unachowekea spika mbovu kitoe vitu. Ni changu.

Na asante kwa kuendelea kuniandikia. Simu zangu zina masikio mengi, nawe ulishasema kwenye simu naongea kama msoma taarifa ya habari.

Mdogo wako,
Chiriku


Dukani, 19 Juni

Chiriku wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye maikrofoni. Sitanii. Nilikuwa najaribu spika mpya mlangoni, tarishi akanipa bahasha, na mtaa mzima ukasikia "Nastaafu!" Mama wa duka la pili akaja mbio kuuliza nani atamkodishia turubai kwenye harusi ya binti yake, maana alidhani ni mimi ninayefunga biashara. Nikamwambia sifungi, naongeza mshirika!

Chumba nimekitoa vitu siku ileile. Spika mbovu nimezisukuma chini ya kitanda changu. Fundi wa plasta anaingia Jumatatu. Na maji, Chiriku! Yanatoka bombani, ndani ya nyumba! Yule Mhandisi wa idara ya maji, huyu ambaye sasa anautaka urais, aliyasimamia mabomba ya mtaa wetu mwenyewe, matope mpaka magotini. Siku maji yalipofika watu walioga barabarani na nguo zao. Mimi nilioga na saa.

Nimeshapanga kila kitu. Asubuhi tunakunywa chai barazani, vikombe vizima, unanisimulia wakubwa wanavyokoroma mikutanoni. Jioni tunakwenda kwenye shughuli. Mimi nafunga nyaya, wewe unapokea wageni. Wa kuwakalisha pamoja watu walionuniana sijamwona kama wewe.

Tangu wifi yako afariki na wanangu watawanyike kila mmoja na kazi yake, nyumba hii ni mimi na majenereta. Majenereta hayaulizi umelala vipi. Nilikulea wewe baada ya baba kufariki, nikakusindikiza uwanja wa ndege ukiwa na sanduku la kuazima, na nilidhani unakwenda mwaka mmoja. Nimekungoja ujana wangu wote, mdogo wangu, na sasa uzee umeshapiga hodi. Usiniletee shati wala saa. Njoo tu.

Kaka yako,
Fundi Spika


Ubalozini, 8 Julai

Kaka,

Naandika mbiombio, utaona mwandiko. Wazee wa chama wamekuja. Wanne, kwa ndege, bila kuniarifu. Wamekaa sebuleni kwangu na makoti mapajani na kusema wananitaka niwe mgombea urais.

Mimi! Makundi mawili ya chama yamevutana mpaka yamechoka. Kundi moja likitaja mtu, lingine linatoka kikaoni. Basi mzee mmoja akauliza, hivi hatuna mtu asiye na kundi? Wakanikumbuka mimi kwa sababu sikuwepo. Ndiyo sifa yangu kubwa hiyo, sikuwepo. Nilicheka mbele yao, wakadhani nimekubali.

Niliwajibu kibalozi: nimeguswa, heshima ni kubwa mno, naomba muda nitafakari. Kichwani nilikuwa nimeshakata shauri kukataa. Nilikuwa na chumba, nilikuwa na chai yangu barazani. Halafu alfajiri nimeamka roho juu, na kabla sijajua ninachofanya nimesimama mbele ya kioo, mkono hewani, naapa. Na gauni la kulalia, Kaka! Nimeapa mpaka mwisho.

Maisha yangu yote nimebeba maneno ya watu wengine kwenye bahasha. "Serikali yangu inasikitika." "Serikali yangu inafurahi." Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kuniuliza. Kumbe nina mambo ya kusema, nina hasira na zahanati zisizo na dawa, nina mipango imejaa kichwani mpaka nashindwa kula. Naona haya kuandika, lakini naitaka kazi hii. Naitaka sana.

Ila wewe ndiye niliyekuahidi kwanza. Wazee wanangoja jibu mwisho wa mwezi. Sema "hapana" tu, na Desemba niko kwako kama tulivyopanga, na sitakulaumu hata siku moja. Lakini sema kweli. Usinifanyie ubalozi.

Chiriku


Dukani, 20 Julai

Chiriku,

Gombea! Umeniuliza swali gani hilo? Nani amkataze dada yake kuwa Rais? Mtaa mzima uko nyuma yako, mama wa duka la pili ameanza kushona fulana.

Kuhusu spika za kampeni, samahani sana, zote zimechukuliwa. Msimu wa harusi. Mpaka Novemba sina hata moja. Nitakuwa na wewe moyoni.

Chumba kisikupe presha. Plasta bado mbichi.

Kaka yako


Dukani, 20 Julai

Mheshimiwa Mhandisi,

Hunijui. Mimi ni fundi wa spika wa mtaa wa chini ya tangi la maji, mtaa ulioingia na matope magotini. Mimi pia ni kaka yake Balozi, baba mmoja, mama mmoja. Nataka kukusaidia umshinde.

Barua usiitupe bado. Sina ugomvi naye. Nampenda kuliko mtu yeyote aliye hai. Ameniuliza kama agombee, nami leo hii nimemwambia agombee, maana mwandiko wake ulikuwa unarukaruka kwa furaha na sikuwa na roho ya kuukatisha. Lakini ninamtaka nyumbani. Mtu akishinda urais harudi nyumbani, anahamia kwenye jengo lenye geti na walinzi, na akitoka huko anakuwa mzee wa kila mtu. Wewe ukishinda kwa haki, yeye atakuwa amejaribu, moyo wake utatulia, na Januari atakuwa barazani kwangu. Wewe unapata nchi, mimi nampata dada.

Nina gari la matangazo, spika kubwa nane na sauti inayofika mbali. Hapa mjini hakuna harusi nzuri bila mimi. Malipo sitaki, nipe mafuta ya jenereta.

Masharti ni machache. Asitukanwe. Asisemwe kwa kuwa hana mume, wala kwa mavazi, wala kwa umri. Asemwe kwa lililo kweli tu, kwamba amekaa mbali mno na sisi. Na mimi nitakaa ndani ya gari, pazia limeshushwa, asinijue mtu.

Wako,
Fundi Spika


Ofisi ya Kampeni, 25 Julai

Fundi,

Wasaidizi wangu wote wamesema wewe ni jasusi. Mke wangu ameisoma barua yako, akasema huyu ni mtu aliyemkosa ndugu yake, mpe mafuta.

Mimi ni mtu wa mabomba, maneno matamu sina. Masharti yako nimeyakubali yote, na moja naongeza: siku dada yako akikuuliza, usimdanganye kwa ajili yangu. Mkutano wa kwanza ni Jumamosi, uwanja wa soko.

Mhandisi


Njiani, 11 Septemba

Kaka yangu,

Sauti imenikauka, miguu imevimba, na sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe! Jana umati ulikuwa mkubwa mpaka watu wamepanda juu ya paa la kituo cha polisi, na polisi wenyewe wamepanda nao. Mwanzoni nilikuwa nawahutubia kama wajumbe wa mkutano. "Wageni waheshimiwa, mabibi na mabwana." Bibi mmoja mbele akaniambia, "Mwanangu, tuko sisi tu hapa, sema." Nikasema! Nimesema zahanati, nimesema walimu, nimesema mpaka nikavua koti. Madereva wangu wanasema sasa naanza kueleweka.

Tatizo langu liko huko kwenu. Mhandisi ana mpiga debe mmoja, wanamwita Mzee wa Pazia, anakaa ndani ya gari na hakuna aliyewahi kumwona. Anawavunja watu mbavu. Eti amesema mimi nikiona dimbwi barabarani nadhani ni ziwa la nchi nyingine, natafuta bendera yake. Nilivyoambiwa nilicheka mpaka nikapaliwa, kisha nikakumbuka natakiwa kukasirika. Katibu wangu wa kampeni halali, anataka kumjua ni nani. Nyinyi wenye kazi hizo si mnajuana? Niulizie.

Nilitaka kuja kulala kwako wiki hii. Wamenikatalia, eti usalama. Harusi bado hazijaisha tu?

Chiriku


Dukani, 18 Septemba

Chiriku,

Mzee wa Pazia simjui. Wapiga debe ni wengi, wengine hata sauti zao ni za kubadilisha.

Ila nimekusikia redioni na nimeumia. Nani anakushikia maikrofoni? Unaimeza! Iweke mbali na mdomo, mkunjo wa mkono hivi, na ukitaka kupaza usisogee mbele, rudi nyuma. Na ukisema jambo zito, nyamaza kidogo, waache walishike. Wewe ukimaliza moja umeshadandia la pili. Waambie pia wakuinulie spika juu ya vichwa vya watu. Zikiwa chini wanasikia wa mbele tu, wa nyuma wanaanza kununua karanga.

Siwezi kuvumilia kukusikia unafanya vibaya. Sijui kwa nini nakwambia haya.

Harusi bado zipo. Mwaka huu watu wanaoana sana.

Kaka yako


Njiani, 2 Oktoba

Kaka,

Jana nilikuwa uwanja wa mpira wa mji wetu. Ratiba zimegongana, Mhandisi alikuwa na mkutano wake upande wa pili wa ukuta. Nimepanda jukwaani, maikrofoni nimeiweka mbali kama ulivyonifundisha, nimefungua mdomo, na juu ya ukuta kikaja kikohozi. Kisha "Jamani, jamani, jamani."

Duniani hakuna mwingine anayesema jamani tatu kabla ya tangazo.

Nikashusha maikrofoni. Watu wangu wakadhani nimeguswa na umati, wakapiga makofi. Nawe ukaendelea, kwa upole, hata hukupaza: "Mgombea mwenzetu ni mtu mwema, jamani, mwema sana. Lakini muulizeni, mara ya mwisho alilala lini katika mji huu kwenye nyumba ya mtu?" Umati wako ukacheka. Umati wangu nao ukacheka. Mimi nikarukia habari za zahanati, na wewe ndiye mtu pekee unayejua kwa nini.

Sijamwambia mtu. Katibu wangu angekutoa magazetini kesho yake, na mimi ningevuna kura za huruma kwa mgongo wako. Sitafanya hivyo. Lakini nimelia, Kaka, nimelia ndani ya gari kama niliyefiwa, poda yote ikaharibika, na bado nilikuwa na mikutano miwili mbele. Nilikuomba usinifanyie ubalozi. Nilikwambia neno moja lingetosha. Kama hukutaka nigombee, kwa nini hukuniambia mimi, ukaenda kuuambia uwanja mzima?

Nangoja jibu. Nitumie kwa dereva aliyekuletea barua hii.

Mdogo wako


Dukani, 2 Oktoba

Chiriku,

Dereva amekaa hapa anakunywa maji, naandika haraka.

Ndiyo, ni mimi. Tangu mkutano wa kwanza ni mimi. Hakuna harusi. Spika zangu zote ziko kwa Mhandisi.

Nisingeweza kukwambia hapana. Ungerudi, ungekunywa chai na mimi, ungetabasamu tabasamu lile la kazini mpaka tufe, na mimi ningejua. Sikutaka nikupate kwa hiyo njia. Nilitaka ujaribu kwa nguvu zako zote halafu ushindwe kwa haki, urudi kwangu ukiwa umetulia. Ni choyo, najua. Ni choyo kitupu. Kila mtu katika nchi hii anakutaka uwe kitu fulani, mimi nakutaka uwepo tu. Nakutaka jioni uniambie punguza redio.

Naomba radhi kwa kukudanganya. Kwa kupiga debe siombi radhi. Mhandisi ni mtu safi na neno langu nimempa, nitapiga mpaka jioni ya mwisho. Wewe nishinde! Nishinde kama unaweza, nami nitakupinga kama ninavyoweza, na anayeshindwa asinune.

Na lile swali utaulizwa tena, hakikisha hulikwepi. Unakwepa vizuri mno, watu wanaona. Jibu.

Dereva amesimama.

Kaka yako


Nyumbani kwangu, 16 Novemba

Fundi,

Tumeshindwa. Nimempigia simu dada yako kumpongeza, naye akaniuliza kama nitakubali kusimamia mabomba ya nchi nzima. Nimemwambia nitafikiri, ila mke wangu ameshanifungia mabuti.

Nimekaa natafuta tulivujia wapi, na nimepaona. Ni swali lako. Ule mdahalo wa redio wa wiki ya mwisho, alipoulizwa alilala lini kwenye nyumba ya mtu mjini kwenu, mimi nilishajiandaa kumwona akilizunguka. Hakuzunguka. Aliisogeza maikrofoni mbali na mdomo, akasema: "Sijalala. Nilitumwa kuiwakilisha nchi hii, nikampoteza kaka yangu naye yuko hai. Anayeuliza ana haki ya kuuliza, na mimi sina cha kujitetea." Nilikuwa nimekaa karibu naye. Mtangazaji alisahau kuendelea. Mke wangu, aliyekuwa anasikiliza nyumbani, amekiri kwamba nusura ampigie yeye kura.

Lakini kuna la kukufurahisha. Kituo cha kura cha mtaa wenu nimeshinda! Kituo anachopigia Rais mteule mwenyewe! Nimeshinda kwa kura mbili, na wamehesabu mara tatu. Moja ya hizo mbili za ziada naihesabu yako. Mtaa mzima ulivaa fulana zake, walionichagua wamejificha chini yake, na ningependa kumfahamu huyo shujaa wa kura ya pili nimnunulie soda. Hebu nichunguzie.

Spika zako zimesharudishwa, na jenereta limefanyiwa matengenezo.

Mhandisi


Dukani, 5 Desemba

Mheshimiwa Rais,

Kalamu inakataa. Naanza tena.

Chiriku, umenishinda! Nimekutazama ukiapa. Niliwawekea watu spika mtaani bure, na mama wa duka la pili amelia juu ya bega langu mpaka shati likalowa. Uliposema "naapa" hukuimeza maikrofoni. Nilipiga kelele kuliko wote. Nimeshindwa na nimefurahi hivyohivyo kwa pamoja, sijui kama inawezekana ila ndiyo iliyonipata. Dada yangu ni Rais! Nimewaambia hata watu waliokuwa wamesimama nami wakitazama.

Sasa sikiliza. Umetuma gari linichukue Jumapili nije Ikulu kula nawe. Nimelirudisha tupu, na dereva hana kosa.

Tangu matokeo yatoke, dukani kwangu hakukodishwi viti tena. Watu wanakaa juu yake. Kuna mwenye kijana anatafuta kazi bandarini, kuna mwenye kesi ya kiwanja, kuna mtu mzima kabisa aliyekuja na suti akaniita "Mheshimiwa Kaka". Wote wanasema neno lilelile: ukimwona, mwambie. Nikija Jumapili moja tu, Jumatatu foleni itafika kwenye tangi la maji, na mimi si mtu wa moyo mgumu, nitaanza kukuletea mmoja, kisha wawili. Nitakuharibia. Kwa hiyo nimewatangazia leo kwa spika zote nane kwamba mimi Ikulu siingii, wala simu ya Ikulu sina, mpaka siku utakapotoka. Wamenizomea. Walikuwa wameshaanza kunizoea.

Uko karibu sana sasa. Nikipanda juu ya tangi naiona bendera yako. Nimepanda juzi. Miaka yote ile ulikuwa ng'ambo ya dunia na nilikuwa na uhakika nitakula nawe siku moja, na leo ningeweza kuja kwa miguu na siji. Imeniuma, Chiriku, siwezi kukuficha, tumeshaacha kufichana. Lakini umeitaka kazi hii na umeipata kwa haki, basi ifanye mikono ikiwa safi. Mchango wangu ni huo, kukaa kwangu.

Kingine, usikasirike. Kura yangu nilimpigia Mhandisi. Anasema kituo chetu amekishinda kwa mbili, na mwenye ile ya pili anamtafuta amnunulie soda. Nimeuliza mtaa mzima. Wote wanaapa walikupigia wewe, mpaka mama wa duka la pili ameninunia kwa kumshuku. Nimeshindwa kumpata.

Kaka yako,
Fundi Spika


Ikulu, 8 Desemba

Kaka Mkubwa,

Gari lilivyorudi tupu nilikasirika. Barua ilivyofika nikakasirika zaidi, kwa kuwa una haki. Usije. Nimewaambia wasitume gari tena. Niandikie, na utakaponiona nakosea useme hivyo kwenye spika zote nane, na jamani zako tatu. Nimeshawaambia polisi wa huko kwamba fundi mmoja wa mtaa wa tangi la maji haguswi kwa lolote atakalosema juu yangu. Hawakuelewa, lakini wameandika.

Kazi inaenda kasi. Mhandisi amekubali, leo amekuja na ramani akazitandaza kwenye zulia la wageni wa heshima, tukatambaa juu yake mimi na yeye huku mkuu wa itifaki akitazama dirishani. Wiki ijayo tunaanza na zahanati. Naamka kabla ya wote, natembea kwa haraka kwenye korido mpaka walinzi wanahema. Usije ukadhani siitaki kazi hii. Naitaka leo kuliko nilivyoitaka Julai.

Lakini kuna jambo nitakuandikia wewe peke yako, na ukishasoma uichome barua.

Siku ya kura nilikuja kituo chetu asubuhi, unakumbuka, na kamera zote. Ulikuwa umeshapiga na kuondoka, walinionyesha mgongo wako ukiishia kwenye kona, umebeba waya begani. Nikaingia kibandani. Miezi yote ile palikuwa mahali pa kwanza ambapo hapakuwa na mtu wa kunitazama. Mbele yangu kuna picha yangu, natabasamu lile tabasamu la kazini, na chini yake picha ya Mhandisi, hajachana nywele. Nilikuwa nimeimaliza sauti yangu kuwaomba watu wanichague. Na nilichokiona ni ule mgongo na ule waya. Nikafikiri, nikishindwa, jioni hii naenda kwa kaka yangu.

Mkono ukaweka alama kwa Mhandisi. Nilikunja karatasi, nikaitumbukiza, nikatoka nje nikawapungia mkono waandishi wa habari.

Kwa hiyo acha kumsumbua mama wa duka la pili. Soda ni yangu. Mwambie Mhandisi hukumpata mtu, mnywe nyinyi wawili barazani kwako, na mnikumbuke.

Mdogo wako,
Chiriku